Taulo Tano

Tangazo lilisema: chumba chenye bahari dirishani.
Sikudanganya, akasema Tsiala, mwenye hoteli,
funguo zikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.
Funika choo, panda juu yake,
chungulia kwenye kile kidirisha cha kutolea mvuke.
Nikapanda. Kweli, ilikuwepo:
kipande cha bahari, upana wa kiganja,
kati ya tangi la maji na shuka za jirani.

Tulikuwa tumesafiri usiku kucha kutoka Gyumri,
mimi na mama na kuku wa kuchemsha,
na magoti yake mawili, abiria wengine hao,
kila moja na malalamiko yake.
Miaka sabini na minne, bahari hajawahi kuiona.
"Ikoje?" aliuliza kutoka kitandani, viatu bado miguuni.
Wanaiita Nyeusi, nikamwambia toka juu ya choo,
lakini ni ya kijivu.
"Kama nini?"
Kama sufuria, mama. Sufuria iliyosuguliwa vizuri.
Akaridhika. Sufuria anazijua.

Kisha mvua.
Kobuleti mvua haipigi hodi,
inahamia, inatundika koti lake mlangoni.
Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Tulisoma ilani ukutani hadi tukaihifadhi kama sala:
Maji ya moto ni jioni, saa moja hadi saa mbili.
Usipike chumbani. Usioshe kokoto kwenye sinki.
Taulo tano; zitahesabiwa.

Tulipika chumbani. Birika la umeme, mayai manne,
dirisha wazi ili harufu itoroke kabla Tsiala hajafika.
Chumba cha saba, Vardges na shemeji zake
walirusha kete hadi usiku wa manane,
na mtoto wao alililia ufuo
ambao sote tulikuwa tumeshaulipia.
Lari arobaini kwa usiku.
Mimi nashona mapazia ya watu, najua dirisha lina bei;
nikazigawa zile lari kwa saa,
nikazigawa kwa matone.

Siku ya nne, alfajiri, kimya kiliniamsha.
Mvua ilikuwa imekatika kama umeme.
Kitanda cha mama kitupu. Fimbo haipo.
Nikashuka ngazi peku, nikavuka barabara,
nikapita misonobari inayodondosha maji,
kibanda cha mahindi kimefungwa kwa waya,
na kule kwenye kokoto nikawaona wawili:
mama, gauni limekunjwa juu ya magoti,
na Tsiala, funguo zake shingoni,
wameshikana mikono kama wasichana
wanaovuka mto wasioujua kina.
Mama hajui Kijojia.
Kiarmenia cha Tsiala ni "lipa" na "funga mlango".
Kati yao kulibaki Kirusi cha shule, maneno kumi hivi,
na bado walikuwa wanacheka kitu.

Baadaye aliniambia, akikunja shuka, bila kunitazama,
kwamba hiki ni kiangazi cha kumi na moja
hajatia mguu majini.
Msimu ni msimu, alisema. Nani atafua?

Asubuhi ya kuondoka alikuja kuhesabu.
Moja, mbili, tatu, nne.
Akautazama mfuko wa mama,
zipu nusu wazi, pindo la buluu likichungulia,
bichi bado, na chumvi yake.
Mama akaikazia macho dari
kwa bidii ya mtu anayekagua ujenzi.
Mimi nikapapasa pochi, uso ukiniwaka.
Tsiala akahesabu tena, polepole, kwa kidole,
moja, mbili, tatu, nne,
akainama, akaishika ile zipu,
akaivuta hadi mwisho.
"Tano," akasema. "Zimetimia."