Mlango wa Kushoto

Nimelinunua kwa Holger. Chumba chake cha chini
kina maboksi mia mbili na kumi,
na umri uliobaki, kwa hesabu yake mwenyewe,
ni wa kuunda thelathini na tano.
Mengine atayapangusa vumbi kila Jumapili
mpaka mmoja wao aondoke.
Hata hili hakutaka liende. Alinitajia bei
kama mtu anayeozesha binti.

Juu ya boksi, picha: buluu ile ile
ya mwaka themanini na saba.
Ndani, vipande vimening'inia kwenye matawi yao
kama matunda yasiyoiva:
usukani mdogo kuliko kifungo cha shati,
taa mbili safi kama magamba ya samaki,
breki ya mkono ambayo hakuna atakayeiona
paa likishakaa. Nimeipaka rangi hata hivyo.

Bodi inatoka nzima, kipande kimoja,
nyeupe kama jino.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Milango haifunguki.
Ni mifereji tu iliyochorwa ubavuni,
pale ambapo mlango ungekuwa.

Miaka ishirini na miwili, hapa Trollhättan,
nilifunga milango. Kazi yangu ni hiyo tu.
Wengine viti, wengine injini,
Britt-Marie vioo, akipiga mluzi,
mimi mlango wa mbele wa kushoto.
Gari linakuja uchi, unaupokea mlango kwenye kulabu,
unaukutanisha na bawaba, boliti nne,
unarudi nyuma hatua moja, unausukuma.
Vipimo walikuwa navyo mabwana wa ofisini.
Sisi tulisikiliza.
Mlango uliokaa husema *dufu*,
neno moja, kama mtu aliyekwisha amua.
Usiokaa hugugumia.

Kiwanda chenyewe kilifungwa bila dufu,
karibu na Krismasi: karatasi tu getini,
na sisi tumesimama na vikombe vya kahawa
tukiisoma mara ya pili, ya tatu,
kana kwamba herufi zingejirekebisha.

Na sasa gari hili, lisilo na kazi yangu.

Siku tatu nililiacha mezani, limefunikwa gazeti.
Ya nne nikachukua kisu chembamba, nikakigeuza,
kwa mgongo wake nikafuata mfereji,
mara mia, mara mia mbili,
nikikwangua bila kukandamiza,
maana plastiki ina kinyongo: ukiiharakisha
itapasukia pale usipotaka.
Nje theluji iliangukia mto na mto ukaimeza.
Saa saba usiku mlango ukaachia,
ukaniangukia kiganjani,
mwepesi kama ukucha.

Bawaba nimezipata kwenye kibanio cha nywele cha Gunvor
(hakuulizwa).
Nikaupachika. Ukalala chini kwa unene wa unywele mmoja.

Hapo mikono ikacheka.
Hili tunalijua, ikasema,
hili ni la Jumatatu, zamu ya asubuhi.
Inua kidogo. Vuta kwako. Kaza ya juu, legeza ya chini.
Hapakuwa na cha kukaza. Nikainua hata hivyo,
nikapinda waya kwa kibano, pumzi nimeibana,
nikarudi nyuma hatua moja
na bega likagonga friji.

Nikausukuma kwa ncha ya kidole.
Ukaenda, ukakaa, mstari sawa juu na chini.
Sauti hakuna.
Kitu kidogo hivyo hakina sauti.
Nikangoja, sikio nimelitega,
mtu mzima na miwani miwili usoni,
kisha nikaisema mwenyewe, kwa mdomo:
*dufu.*

Kutoka chumbani Gunvor akauliza, nusu usingizini,
ni nani aliyeingia.