Mfupa Mmoja

Tumefungua Alhamisi, baada ya Alasiri,
kwenye banda baba alimokuwa akilaza lori la maji.
Harufu ya dizeli haijatoka. Mama kafukiza udi mara tatu,
sasa pananukia lori lililokwenda harusini.

Mfupa ni mmoja tu.
Paja, au tuseme nusu ya paja.
Baba alijikwaa nalo kwenye wadi, nyuma ya Ibra,
akitafuta jiwe la kuzuia gurudumu.
Mnyama mwenyewe kamchora Shinuna ukutani
kwa rangi ya geti iliyosalia.
Shingo ilipofika darini akaikunja,
ndiyo maana mjusi wetu anautazama mlango
kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Vibao tuliandika kwa Kiarabu, tukaandika kwa Kiingereza.
Mama akasema, na Kiswahili.
Nani atasoma?
Mimi.
Hapo tukakwama. Kiumbe hiki tukiiteje?
Bibi, kutoka kitandani: "Mjusi kafiri."
"Kafiri gani, Bibi, naye kawatangulia mitume wote?"
Akafikiri. Akamaliza kahawa yake.
"Basi andikeni mjusi. Mengine anajua Mungu."

Kiingilio baisa mia mbili, watoto bure.
Wa kwanza alikuja fundi wa kiyoyozi,
wa pili mbuzi wa jirani, akala kibao cha Kiingereza,
wa tatu bwana wa serikali.
Alisema kwa adabu kwamba mfupa ni mali ya nchi.
Akauviringisha kwenye blanketi, akampa baba risiti.
Miezi miwili baadaye akarudi na wa plasta,
mweupe, mwepesi,
hauhifadhi hata baridi ya alfajiri.
Baba aliuweka palepale,
akaupangusa vumbi ambalo haukuwa nalo.

Jana Bibi kataka apelekwe akauone.
Tukamsukuma kwa kiti chake juu ya kokoto.
Akaupapasa mwanzo hadi mwisho.
"Wa kweli uko wapi?"
"Maskati, Bibi. Kabatini."
"Panajulikana?"
"Panajulikana. Una na namba."
Akanyamaza. Babu alizikwa Tabora,
na mwaka uliopita wametuandikia
kuwa barabara mpya imepita pale.
"Huyu ana bahati," akasema,
akafungua pochi, akahesabu baisa mia mbili,
akadai risiti.

Kitabu cha risiti hatuna.
Shinuna akachana daftari la hesabu, akaandika:
Mtu mmoja. Mjusi mmoja. Imelipwa.