Masanduku Matatu ya Igombe

Programu haiijui Igombe.
Nimeipa safu mbili tu, mahali pa kuanikia na bei ya ndoo,
ikanichorea masanduku matatu meupe
yaliyojipanga kialfabeti kama watoto wa darasa la kwanza:
Kichanja, Mchanga, Mwamba.

Nikasema hapana.
Mchanga ndio uliotangulia.
Kabla mradi haujaleta mbao na neti
dagaa walilala chini, na huko chini kulikuwa na mbuzi,
na visigino, na vumbi la barabara ya Kayenze.
Nikaandika mpangilio upya, mstari mmoja wa amri,
mchanga ukasogea kushoto, ukakaa mwanzo.

Kisha rangi.
Mchanga nikaupa rangi ya chai ya maziwa,
kichanja kijani cha neti.
Mwamba ulinisumbua. Kijivu, kila mtu angesema,
lakini mwamba wa Igombe saa moja asubuhi una uwaridi kidogo,
nikautafuta uwaridi huo kwa tarakimu
mpaka chai yangu mwenyewe ikapoa.

Na upana: nikaamuru ufuate idadi.
Wanawake themanini na wawili wa mchanga wakatanuka.
Tisa wa mwamba wakabanwa,
sanduku jembamba kama mlango wa choo cha shule.

Sasa tazama.
Ndani ya kila sanduku imeketi nusu ya watu.
Mstari mzito unaolikata ndiye mama wa katikati:
wanaomzidi bei ni wengi sawa na anaowazidi yeye.
Waliobaki wameshika sharubu, robo juu, robo chini.
Wastani ungenipa namba moja, nadhifu, iliyonyolewa.
Sanduku lina ndevu. Linakiri.

Mstari wa kichanja umepita paa la mchanga.
Dakta Bugingo atafurahi;
wafadhili wanapenda paa linapopitwa.

Ila chini ya mchanga,
chini hata ya ncha ya sharubu,
nukta.
Elfu mbili na mia tano.

“Ifiche,” alisema Dakta kwenye simu. “Inavuruga macho.”
Ni kweli, ni amri moja tu.
Sanduku halitikisiki, sharubu hazipungui,
nukta peke yake ndiyo huondoka
kama mtu aliyeombwa atoke ili picha ipigwe.

Nikafungua daftari.
Nambari hamsini na saba, Nyangeta Magesa,
tarehe kumi na tisa Machi, mvua ilianza saa nane.
Pembeni, kwa mwandiko wangu: chakula cha kuku.

Nakumbuka. Alikuwa akizoa dagaa kwa koleo,
wamelowa, wameshikana na mchanga wenyewe,
na korongo watatu wamesimama nyuma yake kama wadai.
Nikasita na kalamu.
Nikamuuliza kama niandike bei yake ya juma lililopita,
ile ya elfu kumi na nne.
Hakuinua kichwa.
“Andika ya leo,” alisema. “Ya juma lililopita nimeshaila.”

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wameoza wote.
Programu haisemi hivyo.
Inamweka kando huyo mmoja, wala haimtukani,
na themanini na mmoja wengine wanabaki walivyo.
Sijui kama hiyo ni haki. Ni uchoraji.

Nikaikuza nukta kidogo.
Nikaijaza weusi, maana ilikuja tupu, duara lenye uwazi,
kama kwamba hakuna kitu ndani.
Ubavuni pake nikaandika kwa herufi ndogo:
mvua, 19 Machi.

Nikahifadhi. Faili nikaliita “la mwisho”,
la nne kwa jina hilo.
Kesho Dakta ataniuliza
mvua imeingiaje kwenye grafu.