Nafasi

Ofisi ya makaburi, Haapsalu, saa kumi jioni na giza tayari.
Triinu amerithi skripti ya Urmas
na maelezo yake kwenye karatasi yenye doa la chai:
Hoja ya kwanza jina, ya pili mwaka. Usiipe zaidi.

Akaandika kama cheti kilivyosema,
Ene Mai 1931.
Printa ikakohoa lebo ya mchonga mawe:
ENE, ALIZALIWA MWAKA WA MAI.

Akacheka. Kisha hakucheka.
Nafasi tu, tupu, isiyo na uzito wa chembe,
imemkata bibi wa watu vipande viwili,
na mwaka wake umebaki mlangoni,
hoja ya tatu isiyo na wa kuisikiliza.
Mashine haina inda; hupokea kama ilivyopewa.

Akarudi nyuma kwa mshale,
akatia alama za kunukuu huku na huku,
kama anayefunga mbeleko:
"Ene Mai" 1931.

Ikatoka sawa. Angezima taa aende,
theluji ishafunika baiskeli.
Akavuta kabrasha la Urmas, la mwaka juzi.

Anna, mwaka wa Liisa.
Karl, mwaka wa Erik.

Akavua koti, akaketi.