Nafasi ya Mistari Mitatu

Karani alinisukumia fomu chini ya kioo
na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo,
kana kwamba kalamu ndiyo inayoogopwa.
Jina la mlalamikiwa: Garrick Solheim.
Uhusiano wako naye.
Nikaandika mama,
nikaona neno lilivyo fupi.

Ana silaha? Ngapi?
Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza:
bunduki ya babu yake ya kuwindia kulungu, kitako kimechubuka
tangu ilipoanguka barafuni mwaka aliozaliwa Garrick;
bastola mbili za kwenye droo ya soksi;
na zile nyeusi, nyepesi, zenye majina ya herufi na tarakimu,
alizonunua kihalali, kwa stakabadhi, akitabasamu.
Tisa. Niliandika tisa.

Eleza kwa nini unaamini ni hatari.
Wametoa mistari mitatu.

Mistari mitatu, nami nina miezi kumi na minne:
tangu alipoacha kula nasi mezani,
tangu wale wanaume wa Jumamosi, magari yamejaa matope,
walipoanza kumwita Kapteni,
yeye fundi wa mabomba ya kunyunyizia ngano,
ambaye bosi hakumwita ila kwa kuchelewa.
Wao walimpa cheo. Mimi nilikuwa nimempa chakula tu.

Ramani ya kituo cha umeme niliikuta chini ya godoro
nikibadilisha mashuka.
Duara jekundu. Pembeni, jina la mwendesha mashtaka wa kaunti,
na saa anayompeleka binti yake kuogelea.

Sikuandika yote. Niliandika:
Siku hizi anasema "karibuni tu"
kama wengine wanavyosema "amina".
Karani akasoma, akagonga muhuri.

Siku ya kesi alisimama na kijitabu cha katiba
katika mfuko wa shati, pale baba yake alipoweka sigara.
Hakukifungua. Alikighani kwa moyo,
haki ya watu kumiliki silaha na kuzibeba,
kwa sauti ileile iliyoongoza tenzi kanisani,
na Mungu anisamehe, nilijivunia sauti.

Jaji Pomeroy alimsikiliza hadi nukta ya mwisho, akavua miwani.
"Haki hiyo ni yako, kijana, sijaifuta.
Ila nimeisoma miaka arobaini
na sijaona humo sentensi inayokupa
saa za kuogelea za mtoto wa mtu.
Mwaka mmoja. Kisha njoo tuzungumze."

Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema.
Nami niliona heri tulile mapema,
likiwa bado bichi.

Alipita mbele yangu kama anavyopitwa mtu asiyejulikana
kwenye foleni ya benki.

Jioni alikuja naibu wa sherifu, Burdette,
aliyemfundisha Garrick kuwinda akiwa na miaka kumi na miwili:
mtutu chini, kidole nje ya kifyatuo.
Alivua buti mlangoni kwa ajili ya theluji.
Walipanda, walishuka, walikwenda ghalani, wakarudi.
Akaniwekea karatasi juu ya meza ya jikoni
na hakukaa.

"Ardith," alisema, "uliandika tisa."

Kumi na nne.
Nyumba hii nimeifagia miaka thelathini.
Nimezima taa, nimeketi na ufagio mapajani,
natafuta kwa akili zile tano
zilikuwa zimelala wapi
wakati mimi nimelala.