Mtu Mmoja wa Sikonge

Nilikinunua stesheni ya Tabora, nikisubiri mzigo
wa treni iliyochelewa: kitabu cha ufugaji nyuki
kisicho jalada, kinachoanza ukurasa wa tisa
katikati ya sentensi:
"...naye akajuta."
Nani alijuta, sijui mpaka leo.

Mwandishi wake hasemi fanya hivi, acha vile.
Husema: palikuwa na mtu mmoja.
Mtu mmoja alivuna adhuhuri, akarudi kwake hana uso.
Mtu mmoja alitundika mizinga jirani na tumbaku;
dawa ilipopulizwa, alizoa nyuki kwa koleo.
Mjane mmoja aliacha masega matatu kila mzinga,
na nyuki wake hawakuhama.
Vipimo nimevisahau vyote.
Lakini jua likiwa utosini na mimi niko chini ya mzinga,
nauona uso ule uliovimba, mkono unarudi wenyewe mfukoni.

Kisha ukurasa wa thelathini na moja:
"Mtu mmoja wa Sikonge, mvivu wa kutafuta bomba la moshi,
alipanda mtini na mwenge.
Aliunguza mizinga sita na kipande kizima cha msitu.
Msomaji, usiwe kama yeye."

Mtu mmoja!
Ana jina. Ni Msabila, baba yangu mdogo,
na mti ni mninga ninaoujua,
ubavu mmoja mweusi hata sasa.
Kitabu hakikusema ulikuwa usiku wa Julai,
binti yake Kalunde amelazwa Kitete,
na fedha pekee iliyokuwepo ilikuwa juu ya mti.
Hakikusema bomba aliliomba nyumba tatu
akajibiwa kesho.
Wala kwamba alishuka na masega mawili yenye majivu,
akayauza hivyo hivyo,
na Kalunde leo ananyonyesha pacha.

Nilitaka kuuchana ukurasa.
Badala yake nilimpelekea, nikamsomea.
Alisikiliza huku akichonga mpini, hakuinua kichwa.
"Kweli tupu," akasema. "Ila mvivu, hapana. Hilo futa."
Nikalifuta kwa kalamu, mbele yake.
(Bomba la moshi nilinunua wiki ile ile.
Sikumwambia.)

"Hebu rudia yule wa adhuhuri."
Nikarudia. Akacheka hadi tezo ikamponyoka.
"Na yule wa mwanzo, aliyejuta, alifanya nini?"
"Kurasa zake hazipo, baba."
Akafikiri kidogo, akaokota tezo.
"Basi huyo kapona."