Mstari wa Saba

Kwenye hati ya mshahara wa Machi
kuna mstari mpya.
Kodi naijua. Bima naijua.
Ile ya nyumba, ya nyumba nisiyowahi kuiona, nimeizoea.
Huu wa saba ndio mgeni:
AMRI YA MAHAKAMA, 9,340.
Mgeni asiyebisha hodi.

Nikapanda kwa mhasibu na aproni yangu,
mikono ingali na joto la pasi,
mashuka ya wodi mbili yakiningoja chini.
Bi. Kwamboka hakuinua macho.
"Barua ilitufikia sisi kwanza, Nasambu.
Tusipokukata wewe, tutakatwa sisi."
Kisha akanisogezea kiti.
Miaka sita, sijawahi kuketi ofisini mwake.

Milimani, dirisha la tatu,
kijana wa masjala akapuliza vumbi lisilokuwapo,
akafungua faili.
Jina langu limekosewa herufi moja;
nambari ya kitambulisho haijakosewa hata moja.
Wito ulibandikwa mlangoni, Kariobangi,
mbele ya mtu mzima aliyekataa kujitaja.
Mlango ule niliuhama miaka miwili kabla.
Sasa namuwaza huyo mtu mzima:
aliusoma?
Au aliuwashia jiko?

Ukurasa wa mwisho, sahihi yangu,
ya enzi zile nilipokuwa nikiikunja N kwa madaha.
Mdhamini.
Mkopo wa Mwende, wa vikaushio vitatu vya saluni.
Tulitia sahihi kati ya chai na mandazi,
akanikumbatia, mafuta ya nazi
yakabaki shavuni mwangu hadi jioni.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi ile mimi sikucheza.
Matanga ndiyo yamewekwa kwangu.

Nimempigia. Simu yake huimba
pambio la kanisa mpaka mwisho,
kisha yule mwanamke wa mtandao
anaomba samahani kwa niaba yake.

Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
lakini mgonjwa ni yupi?

"Unaweza kuomba," kijana akasema,
"hukumu iwekwe kando, au ulipe kidogokidogo.
Fomu hii. Sahihi hapa."
Akaniazima kalamu,
akabaki na kifuniko mkononi nisije nikaondoka nayo.

Foleni nyuma yangu ikaguna.
Nikasoma, kidole chini ya neno,
kama mtoto wa darasa la pili,
nikasoma hadi jina la mpiga chapa,
kule chini kabisa.